Memori Kwanza, Diski Baadaye

Mwaka ule nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimesimama bombani, ndoo inajaa, inamwagika, jirani ndiye ananiita nifunge maji. Mume wangu alikuwa amepata kiharusi. Upande wake wa kulia ulilala, na maneno yote yakamtoka, likabaki moja tu: hapana. Ukimuuliza kama ana njaa, hapana. Ukimuuliza kama ameshiba, hapana. Ikabidi nijifunze kumsoma machoni, maana hapana yake ilikuwa na sauti nyingi, na nyingine zilikuwa ndiyo.

Zamani sote wawili tulifanya kazi kwenye shirika moja la umma. Yeye alikuwa mchora ramani, mie nilikuwa mpiga chapa. Shirika lilipouzwa tulipunguzwa kazi siku moja. Yeye kiinua mgongo chake akamalizia vyumba viwili vya uani kwetu Mtoni, mie changu nikaenda kujifunza kompyuta, nikapata kibarua kwenye duka la kuchapa kule Kinondoni. Alipougua nikawa nakwenda kazini huku roho iko nyumbani. Siku moja nilirudi nikamkuta ameanguka kati ya kitanda na ukuta. Jirani niliyemwachia alikuwa amemsikia akiita hapana, hapana, akadhani anamkataza asiingie.

Kesho yake nilimwambia mwenye duka kwamba siendi tena. Alikuwa mama mwenye ubinadamu. Akasema, "Wale wanafunzi wa chuo wanaokupenda watakufuata hukohuko kwako. Tafuta mashine yako. Tena chukua laptopu, umeme ukikatika isikupotezee kazi."

Mgao wa umeme ulikuwa mkali siku zile. Kompyuta ya mezani ilikuwa inazimika katikati ya sentensi na kila kitu kinakwenda. Laptopu ina betri yake, na ningeweza kuiweka hata kwenye kiti pembeni ya kitanda. Lakini fedha niliyokuwa nayo haikutosha. Ndipo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa akiuza vitenge na mitumba Tandika, akasema ataongezea, kwa sharti moja.

"Tunakwenda wote dukani," alisema. "Mie kompyuta sizijui, ila kununua najua."

Tulikwenda asubuhi, mgonjwa tukamwachia binti wa wifi, mpaka Kariakoo, kwenye duka la ghorofani lililouza laptopu zilizotumika kutoka Dubai. Wifi alikuwa na buibui lake na mkoba ameubana kwapani. Mie nilivaa gauni nililolalia, nikajifunga khanga juu yake, maana mgonjwa alikuwa na choo kibaya tangu alfajiri na muda wa kubadili sikuupata. Fundi wa pale alituamkia, akatutolea mashine moja nyeusi, nzito kama tofali. Ilikuwa inafaa. Bei yake tuliimudu, na juu yake ikabaki fedha kidogo.

"Ila mama, hii ilivyo itakusumbua," fundi aliniambia. "Memori yake ni megabaiti nane, na diski yake ni ndogo. Hiyo chenji inaongeza kimoja. Vyote viwili haitoshi."

Wifi akavuta kiti. "Hebu nieleze kama unamweleza mtu aliyekuja kununua friji."

"Diski ndiyo inayotunza kazi zako hata ukizima mashine," fundi alisema. "Memori inatumika mashine ikiwa inawaka, ndiyo inayobeba kile unachokifanya saa hiyo. Ikiwa ndogo, mashine inakwama."

"Kwa hiyo diski ni stoo, memori ni jiko."

"Kama hivyo, mama."

"Sasa nani anapika stoo?" Wifi akanigeukia. "Chukua jiko, mwanamke."

Mie nilitaka diski. Kule Kinondoni nilikuwa nimeona wateja wanarudi baada ya miezi, wamepoteza karatasi zao, na mwenye duka anawaambia bila hata kugeuka, "Ipo." Nililipenda neno lile. Nilitaka na mie niweze kulisema. Kwa jinsi mambo yetu yalivyokuwa yanaporomoka, kitu cha kutunza vitu kilinivutia kuliko cha kwenda mbio.

Nikamweleza wifi hivyo. Hakucheka. Akaniuliza, "Na mashine ikikwama, unafanyaje?"

"Unaizima, unaanza upya."

"Na mgonjwa anataka kugeuzwa."

Kazi za wanafunzi zilikuwa na majedwali na picha, na nilizijua mashine zenye memori ndogo: unabonyeza, unakunja mikono, unangoja. Mie muda wangu ulikuwa vipande vipande, baina ya kumlisha na kumfuta na kumgeuza. Kipande kimoja nikikipoteza kwa kungoja mashine, sina kingine. Nikasema haya, memori.

Hapo tena kukawa na jambo. Fundi alisema mashine ile ina nafasi moja tu ya kuongezea. Nikiweka kipande cha kumi na sita sasa, siku nikitaka kikubwa zaidi itabidi hicho nikitoe nikitupe. Afadhali ninunue cha thelathini na mbili moja kwa moja. Kipya cha ukubwa huo hatukukiweza. Alikuwa nacho kilichotumika, kimetolewa kwenye mashine nyingine iliyovunjika kioo.

"Kizima?" wifi aliuliza.

"Kizima kabisa."

"Kitie, washa, tuone."

Akakitia. Mashine zile zilipowaka zilikuwa zinahesabu memori yake kwa tarakimu kwenye kioo cheusi, zinapanda mbio mbio. Tulisogeza vichwa, watu watatu. Tarakimu zikapanda, zikasimama palepale pa zamani. Fundi akakitoa, akakisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akarudisha. Zikasimama tena palepale. Mara ya tatu zikapita, zikafika juu. Fundi akatabasamu.

"Umeona, mama? Ilikuwa vumbi tu."

Wifi hakutabasamu. "Mwanangu, mie nauza mitumba. Shati lililopigwa pasi likafichwa tundu nalijua kwa kulinusa. Tupe kingine."

"Mama, kimekubali hiki."

"Kimekubali baada ya kubembelezwa. Huyu mwanamke ana mtu mzima kitandani anambembeleza kutwa. Hana nguvu ya kubembeleza na hicho."

Nilianza kulia. Sijui ni nini hasa kiliniliza. Labda ni kusikia mtu anasema wazi kwamba sina nguvu. Nililia pale dukani bila sauti, khanga mdomoni, na wifi hakuniambia ninyamaze. Fundi akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na kipande kingine. Hicho kilihesabika mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu wifi alipoomba kirudiwe. Kwa senti zilizobaki tulinunua boksi la flopi, vile vidiski vya plastiki vya kutunzia kazi nje ya mashine.

Mashine ilienda vizuri. Wateja walinifuata kweli, mmoja akimleta mwenzake, wanakaa kwenye benchi barazani na maandiko yao ya mkono. Lakini diski ilikuwa ndogo kama fundi alivyosema, ikajaa haraka. Kila kazi ikiisha nilikuwa naihamishia kwenye flopi, kisha naifuta kwenye mashine. Flopi ilikuwa inakwaruza polepole, kama panya kwenye dari, na nusu ya uchovu wangu wa siku zile naukumbuka kwa mlio ule.

Mume wangu alikuwa analala akitazama ukutani. Mazoezi aliyoelekezwa hospitali aliyakataa. Chakula alikula kwa kunionea huruma. Alasiri moja nilikuwa nahamisha kazi ndefu ya mwanafunzi mmoja, flopi ikateleza mapajani, ikaangukia kitandani. Kabla sijainama, aliiokota kwa mkono wake wa kushoto, akaitazama mbele na nyuma. Nikamwonyesha inapoingia. Akaisukuma ikaingia, tka. Ikajaa, ikatoka. Akanyoosha mkono apewe nyingine.

Kuanzia siku ile flopi zikawa zake. Nilimkalisha na mito mgongoni, nikampa bati la biskuti la kuzitunzia. Tatizo lilikuwa lebo. Kuandika hakuweza tena; herufi zilikuwa zimeondoka pamoja na maneno. Nilikuwa nimeshachukua kalamu niandike mwenyewe, akaninyang'anya. Akachora samaki. Mstari ulitetemeka, lakini ulikuwa samaki, na mapezi yake, na jicho. Mwanafunzi yule alikuwa ameandika juu ya samaki wa ziwani, na picha zao mume wangu alikuwa ameziona kwenye kioo.

Aliyeandika juu ya malaria alichorewa mbu. Kikundi cha akina mama kilichoomba mkopo kilichorewa chungu. Mwalimu mmoja aliyeandika juu ya elimu ya watu wazima alipata miwani, akanuna.

"Hii ni tasnifu ya chuo kikuu," aliniambia.

Mume wangu akamkabidhi flopi yake kwa heshima, akasema, "Hapana." Mwalimu alinitazama, akamtazama yeye, akaipokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa pili biashara ya wifi ilinyanyuka. Akaja siku moja, akaniambia nichukue mashine, twende ikaongezwe diski, sasa uwezo upo. Tukaenda kwa fundi yuleyule. Diski mpya ilikuwa kubwa mno kwangu. Fundi alisema hata nikichapa mpaka nizeeke haitajaa. Nilirudi nimefurahi. Niliwaza kwamba sasa kazi ikiisha nafunga mashine, nalala kidogo kabla ya magharibi.

Nilimaliza kazi ya kwanza siku ileile. Nikaihifadhi, mara moja, bila mlio wowote. Nikainua kichwa. Mume wangu alikuwa amekaa, bati liko mapajani, kifuniko ameshakifungua kwa mkono mmoja, kazi ambayo ilimchukua muda. Ameshika flopi, ananingoja.

Nilikuwa na usingizi mzito machoni. Ningeweza kumwambia kwamba flopi hazihitajiki tena, na angeelewa, kwa sababu alielewa kila kitu. Nikanyoosha mkono.

"Lete," nikasema.

Flopi ikaanza kukwaruza. Ikafika katikati, mashine ikaniambia flopi imeharibika. Aliitoa, akaitupa chini ya kitanda kwa hasira, akanipa nyingine. Nikaegemeza kichwa ukutani kuingoja, na yeye akashika kalamu. Kazi ile ilikuwa ya barabara za vumbi na magari ya mizigo, nami nikafumba macho kidogo, namsikia anachora matairi.