Shangazi na Magugu ya Kiwandani

Shangazi yangu alitunza bustani ya kiwanda cha uchapaji kwa miaka kumi na tisa. Siku moja meneja mpya alimwagiza ang'oe magugu yote yaliyoota nyuma ya jengo. Siku ya tatu akaja kukagua, akakuta nusu ya uwanja bado ni kijani kitupu.

"Shangazi, mbona umeyaacha magugu?"

"Magugu yapi, bosi? Hapo pana mnavu, kule mgagani, pembeni mchunga. Na huo ulioukanyaga ni mchicha."

Meneja akainua mguu haraka, kama aliyemkanyaga mtu kidole.

Kesho yake mchana, shangazi akampelekea mboga hizo zimepikwa, kila moja na bakuli lake. Mchunga ulimkunja uso kwa uchungu. Mgagani aliumaliza kimya kimya. Mnavu akaomba aongezewe. Magugu yakasamehewa papo hapo.

Tangu hapo, kila Ijumaa meneja aliinama bustanini na mfuko mkononi, tai ikigusa udongo. Ijumaa moja akanyanyua tawi kwa furaha.

"Shangazi, na hili linaliwa?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Hilo ni ua, bosi! Ulilinunua mwenyewe juzi, ukanikataza nisiliguse."