Daktari Iko Ndani

Wenzangu, nichekeni tu, maana hasira zangu zimeniaibisha mbele ya kliniki nzima hapa Bwera.

Mwanangu Masika, wa miezi saba, alikuwa akitoa usaha sikioni kwa siku tatu. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi nikimsubiri daktari wa masikio wa Kasese. Hatimaye sista akaniambia, "Daktari iko ndani, mama. Ingia, nakuja."

Nikaingia. Daktari gani? Chumbani kulikuwa na mashine tu, ndefu kama mimi, yenye magurudumu chini na kioo cheusi juu. Nikadhani ni televisheni yao mbovu. Masika naye akalowanisha nepi. Nikambadilisha, na kwa kuwa sikuona pa kuanika ile mbichi, nikaitundika juu ya kioo.

Kisha nikafungua mdomo. "Daktari bado amelala huko Kasese! Mtoto akiwa kiziwi, atamlea yeye? Mvivu, tumbo kubwa!" Benchi lote nje likacheka, nami nikazidisha sauti.

Ghafla nepi ikawaka mwanga kwa ndani. Mashine ikatikisika, ikanisogelea polepole kama mtu anayetaka kusalimiwa. Nikapiga kelele. Sista akaja mbio, na benchi lote nyuma yake.

Sauti ya mwanamume ikatoka chini ya nepi, ya upole kabisa.

"Mama Masika, nakusikia huku Kasese tangu uingie, mtandao ndio ulininyima kujibu. Tumbo ni kweli. Sasa nitolee hiyo nepi usoni, nione sikio la mtoto."