Hesabu ya Bahari Iliyochafuka

Saa tatu asubuhi, Maweu Musau anazungusha mkono wa mashine ya hesabu, shati limemganda mgongoni. Mlango wa chumba chake, katika kituo kidogo cha utafiti hapa Msambweni, uko wazi. Anamsubiri Mwero, nahodha wa mashua ya kituo, arudi na vipimo vya joto la maji.

Juzi Maweu alikokotoa kwamba upepo huu wa kusi ungeyapoza maji ya juu kwa digrii mbili kufikia leo. Akikosea tena, chumba kitafungwa, naye atarudishwa Mombasa kunakili majalada. Wakuu wamekwisha kumwambia.

Kazi yake ni kuiga bahari kwa tarakimu. Huchukua jua, mvua na upepo wa kila siku, pamoja na hali ya bahari kama Mwero anavyomwambia akirudi, kisha hutafuta kama tabaka la juu la maji, la pima kumi hivi, litapata joto au litapoa. Wavuvi wanataka kujua, maana samaki huhama maji yakibadilika.

"Nilikuja pwani mwaka wa uhuru, sijawahi kuiona bahari," asema Maweu, mzaliwa wa Machakos. "Nilionja kwanza ndipo nikasadiki habari za chumvi."

Mwaka jana, 1969, hesabu zake zilikwenda kombo msimu mzima. Kusi likivuma, mashine ilisema maji yanapata joto; kipimajoto kilisema yanapoa.

Sababu ilipatikana kwenye chai. Mwero alikuwa akisimulia jinsi mawimbi yalivyotaka kuipindua mashua.

"Mbona siku hiyo uliniambia bahari ni chafu tu?" Maweu akauliza.

"Nilikwambia imechafuka! Nikwambieje tena, Mkamba wangu?"

"Si ndiyo tope hiyo, mzee?"

Mwero alicheka hadi chai ikamwagika. "Tope! Bahari ikichafuka ina mawimbi, baba. Hata maji yawe meupe pe!"

Kwenye hesabu, hayo ni mambo mawili yanayopingana. Maji ya tope hunasa joto la jua juu juu. Mawimbi huyakoroga maji, ya baridi yakapanda kutoka chini. Msimu mzima Maweu alikuwa ameijaza bahari tope. Akaanza upya.

Sasa sauti inasikika barazani. "Hodi humu!" Mwero anaingia, maji yakimchuruzika.

"Ishirini na tano na nusu," anasema. "Juzi ilikuwa ishirini na saba na nusu. Haya, toa wewe, mwenye mashine."

Maweu hatoi kitu. Anainuka, anamkumbatia.

"Niache, utalowa!"

"Nilowe!"

Baada ya kubadili shati, anaeleza anachokitaka. Kusi lijalo, ataweka ubao pale diko, mashua zinapoegeshwa ufukweni, wavuvi wasome hali ya maji kabla ya kushua vyombo vyao majini.

"Na wakiniuliza nani kasema?" Mwero anamchokoza.

Maweu anavuta kiti, anaushika tena mkono wa mashine.

"Waambie ni Mkamba wa Msambweni."