Masale Mbele ya Mlango

Harufu ya tapentaini ikinipiga puani, hata dukani tu, narudi Riverdale Park, Marekani, kwenye korido ya ghorofa letu, mlangoni kwa Mzee Klaivu. Alikuwa mchoraji kutoka visiwa vya Karibi, mjane, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Na alivyopenda kuchora mashamba! Wanawake wakipalilia, punda, migomba. Ukiisogelea picha unaona madoadoa ya rangi tu. Ukirudi nyuma, lo, shamba zima linawaka jua.

Mama, aliyekuwa akitunza wazee wa watu huko Lanham, aliziona siku moja akaduwaa. "Jamani, hii migomba si ya kwetu kabisa?" Bibi, mama yake, alikuwa mgonjwa nyumbani Marangu, na Mama hakuwa na makaratasi: angetoka, asingerudi. Akamwomba mzee amchoree kihamba cha Bibi, lile shamba la ukoo lenye nyumba, awe anakitazama, roho itulie. Jumapili moja asiyokuwa na shifti alikaa akamweleza, mimi nikimsaidia Kiingereza kilipomkwama: nyumba, mfereji, migomba, na masale, ile mimea inayopandwa mpakani. Majani yake alimwonyesha kwenye simu.

Maskini, mzee alijitahidi. Picha ilipokuja Mama alicheka kwa furaha, kisha uso ukamshuka. Masale hayakuwa mpakani, yalikuwa mbele ya mlango, yamestawi vizuri kweli.

"Mwambie ayatoe hayo, mwanangu," akaninong'oneza. "Kwetu yakikaa hapo ni kaburi."

Mzee Klaivu alishika kifua, akaomba radhi, akayafunika kwa rangi ya udongo siku ileile. Mimi nikaona yamekwisha. Mtoto wa Marekani, ningejua nini?

Rangi haijakauka vizuri, Mjomba akapiga simu: Bibi amefariki. Maziko tuliyaangalia kwenye simu, tumebanana kitandani, picha inakatika kila mara. Ndugu zake Mama wote walikuwepo. Yeye, kifungua mimba, hakuwepo.

Kesho yake aliishusha picha ukutani, akaniambia, "Nenda nayo kwa mzee. Mwambie ayarudishe masale."

Nilimkasirikia. Niliona anajitesa bure, nikamwambia hivyo, kwa Kiingereza. Yeye alivaa sare yake akaenda kumwogesha bibi wa watu.

Nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa kwamba Mama alikuwa anazika. Hakuwa na mahali pengine pa kumzikia mama yake. Makaratasi hayajatoka hadi leo, na siku hizi hata kuuliza ameacha.