Shimo Katikati ya Bwawa

Mimi ni mtu wa mjini, wa Mlandege, nimekulia maji ya bomba. Kwa hiyo mama mkwe aliponionya nisichimbe udongo katikati ya bwawa, nilijibu "Sawa, mama," huku moyoni nikisema, hee, udongo nao una masharti?

Bwawa liko nyuma ya nyumba yake, upande wa Idodi. Hakuna mto unaoingia wala kutoka. Mvua hulijaza, jua hulimaliza, na kwa kuwa hukauka kila mwaka, samaki hawaishi humo. Ndiyo maana vyura hutaga humo kwa raha zao, hakuna wa kuwala watoto. Pembeni mama ana kinyungu, bustani ya mahindi na maharage anayopanda mvua zikiisha, kwa unyevu unaobaki. Chakula chake cha kiangazi ni hicho tu.

Siku hiyo bwawa lilikuwa kavu. Kipaimara cha mtoto wa wifi kilikaribia, nikataka kusiliba kuta za jiko. Udongo wa katikati ulikuwa wa kijivu, laini, mzuri jamani! Nikachimba mpaka shimo likanifika magotini, jembe likagusa mchanga mweupe, mkavu. Nikamwaga ndoo ya maji nione. Yalizama kabla sijaiweka ndoo chini. Ule udongo ndio ulikuwa sufuria, na mimi nimeitoboa.

Nikafukia, nikakanyagakanyaga, nikasiliba ukuta wa jiko kwa udongo nilioutoa, nikanyamaza.

Mvua ikaja, vyura wakaimba, viluwiluwi wakajaa. Kila asubuhi nilijifanya naenda kuchota maji ya kufulia, kumbe naenda kuchungulia. Mvua inanyesha na maji yanashuka! Viluwiluwi hawajaota hata miguu, wamebanana kwenye tope. Nilimpigia mume wangu aliyeko Mbeya, nikakata kabla hajapokea.

Mama alipoona, aliwalaumu ng'ombe wa mzee jirani. Kwato zao, alisema, ndizo zimeharibu bwawa. Wasikanyage tena hapa. Yule mzee aliyewanywesha hapo miaka yote akajibu tu, "Haya, mama," akawageuza kuelekea mtoni, mwendo wa nusu siku. Mimi nilikuwepo, nimeshika ufagio, nikaendelea kufagia.

Siku ya nne nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti jikoni, nikasema yote. Nilijua narudishwa kwetu.

Mama aliutazama ukuta nilioupaka.

"Kamwambie mzee wewe mwenyewe," akasema.

Sijawahi kuogopa njia kama ile. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kina cha shimo, akafungua zizi.

"Miguu yako haitoshi, mwanangu. Udongo ule unataka kwato. Hawa ndio walioushindilia miaka yote."

Tuliwahamishia viluwiluwi kwenye mabeseni, mama na mimi. Tukalifukua shimo, tukalijaza upya kwa udongo wa kijivu wa pembeni mwa bwawa, na ng'ombe wakazungushwa kwenye tope mpaka jua likainama. Mama alimwomba mzee radhi mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mvua zilizofuata maji yalikaa. Nikamwambia mama nitaubandua ule udongo jikoni, niurudishe bwawani.

"Uache hapohapo," alisema. "Uwe unauona ukipika."

Mpaka leo nikienda kwake, nasonga ugali nimeupa ukuta mgongo.