Nilinunua visu vya mulching kwa ajili ya send-off ya mdogo wangu, jirani mtani akaviteka

Wakuu, poleni na mvua.

Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, hapa kwangu Kigamboni, upande wa barabara ya kwenda Kimbiji. Chumvi sijaongeza. Chumvi yote iliyomo humu aliitia jirani yangu.

Mliokuja kutafuta ushauri wa visu vya mashine ya kukata nyasi, tulieni, ushauri upo. Mliokuja kutafuta umbea nanyi tulieni, maana huo ndio mwingi.

Iko hivi.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alinunua kiwanja hiki enzi zile huku bado watu wanakuita porini. Akajenga nyuma, mbele yote akapanda nyasi. Halafu kuna mzungu alikuwa anahama Masaki, mzee akanunua kwake ile mashine ya kupanda na kukaa, zero-turn.

Kwa ambao hawajaiona: haina usukani, ina mikono miwili ya chuma. Ukisukuma mmoja na kuvuta mwingine, inageuka hapohapo iliposimama. Siku ya kwanza kuipanda niliingia nayo kwenye kamba ya nguo, nikatokea upande wa pili nimejifunika shuka la wageni. Sasa hivi naiendesha vizuri, ila shuka lile halikupona.

Jirani yetu, tunayetenganishwa naye na ua tu, ni Baba Tumaini. Yeye Mhehe, sie Wangoni. Ni watani.

Asiyejua utani aelewe hivi: mtani wako anaweza kukutukana asubuhi, mchana akakuchukulia kuku, na jioni ukamkaribisha chai. Kitu akichukua, unakwenda kukikomboa kwa masharti yake. Kukasirika hakuna. Ukikasirika umeshindwa, na habari zitafika mpaka Iringa.

Baba Tumaini anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, anamwita Madam. Mashine yetu ilikuwa na visu vya kawaida, vile vinavyokata nyasi na kuzitupa pembeni. Kila Jumamosi tukishakata, Baba Tumaini anakuja na gunia, anazoa nyasi za Madam, huku yeye na baba wanarushiana maneno kuhusu vita vya mababu zao. Baba alipofariki, niliendelea kukata na yeye akaendelea kuzoa.

Sasa njooni kwenye ishu yenyewe.

Mdogo wangu wa mwisho, Editha, kapata mchumba. Mkurya, kijana mpole, tena anasikiliza kuliko anavyoongea. Baba kabla hajafa alishasema, "Editha atatolewa kwenye nyasi hizi, siyo ukumbini." Editha akalishika neno hilo. Ukumbi hataki hata kuusikia.

Basi nyasi zikawa kazi yangu. Na nyasi zenyewe zilikuwa na hali mbaya, manjano kwenye ncha, mabaka kila mahali. Visu vimeliwa na mchanga wa huku mpaka vikawa vinang'oa badala ya kukata.

Nikaamua kubadili, nikaenda Gerezani kwenye maduka ya vipuri. Hapa sasa wenye mashine zenu sikilizeni.

Visu vya mulching ni vile vilivyopinda kama vimejikunja, nyuma vina meno. Vinaizungusha nyasi ndani ya bakuli la mashine, lile la chini linalovifunika, vinaikata tena na tena, kisha vinaidondosha chini ikiwa vipande vidogo sana. Huzoi kitu. Ile nyasi inaozea palepale inakuwa mbolea, na kwa mchanga wetu huu usioshika chochote, ni dawa.

Nenda na kisu cha zamani mkononi. Usiende na maneno. Mie nilikwenda na kipimo nilichopima kwa futikamba ya cherehani ya mke wangu, nimenyoosha katikati ya kisu. Kumbe kisu kinapimwa kutoka kona hadi kona ya upande wa pili, kwa mshazari, maana ncha hizo ndizo zinazofika mbali zaidi kikizunguka. Visu nilivyoleta vilikuwa vifupi, vikaacha mstari wa nyasi katikati, kama kinyozi kalala. Nikarudi kubadilisha.

Angalia na tundu la katikati. Kuna la duara, kuna la nyota. La nyota lisipolingana na mashine yako, hata uombe dua halitaingia. Na ukifunga, yale mabawa yaliyopinda yaangalie juu. Kabla ya hapo chomoa waya wa plagi, vidole havina vipuri Gerezani.

Nikapata visu sahihi, nikafurahi, nikaviweka barazani nivifunge nikipata nafasi. Vile vya zamani nikampa fundi wa kuchomea avigeuze majembe.

Kosa langu lilikuwa mdomo. Nilimsimulia Baba Tumaini.

"Havibakizi nyasi hata kidogo?" akauliza.

"Hata ya kuchokolea meno, mzee."

Akatikisa kichwa. Akaniambia visu vile vinaleta nyoka. Siku iliyofuata akasema kuna mtu Chamazi mashine yake ililipuka kwa sababu hiyohiyo. Nilicheka, nikamwambia Wahehe mnaogopa kila kitu chenye makali tangu mlipokutana na sie.

Jumamosi nikaenda msibani Kinyerezi. Niliporudi, visu havipo barazani. Pamefungwa kitita cha nyasi kwa uzi mwekundu, kimeachwa palepale.

Simu ikalia, ujumbe wa sauti: "Mngoni, visu vyako viko salama, vinakula vizuri. Ukitaka kuvikomboa, rudisha mashine kama alivyoiacha baba yako."

Wakuu, send-off ilikuwa wiki inayofuata! Mvua inanyesha, nyasi zinapanda huku naziona. Sina visu vipya, vya zamani ni majembe, hela ya kununua vingine imeishia kwenye maandalizi. Nikamwendea, nikamwomba, nikamwambia nitamletea majani ya Madam kutoka popote anapotaka. Akakataa. Kwenda kwa mjumbe ni aibu, kukasirika ni kushindwa.

Nikafikiria, nikapata jibu. Kesho yake Baba Tumaini yuko kanisani, nikaingia zizini kwake, nikamfungua Madam.

Nikamfunga katikati ya nyasi zetu. Mawazo yangu yalikuwa mazuri tu: anapunguza nyasi, na mwenyewe atakuja na visu mbio. Jirani aliporudi akasimama kwenye ua anapiga kelele, "Wangoni wamerudi! Waliiba ng'ombe wa babu, sasa wanaiba wa mjukuu!" Mtaa mzima ukatoka. Anacheka mpaka anashika mbavu.

Lakini visu hakuleta. Alileta utepe mwekundu, ule wa kufungia zawadi, akamfunga Madam kwenye pembe zote mbili. "Mateka wangu lazima apendeze," akasema, akaenda zake.

Nikaona poa, utani unanoga. Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, huyo ng'ombe mtoe." Nikamwambia subiri.

Mke wangu akiniambia kitu siku hizi nasikiliza, maana haikupita nusu saa gari ikaingia getini.

Akashuka shangazi wa bwana harusi, na wenzake wawili. Wamekuja kuangalia uwanja, turubai zitakaa wapi na wao wataingilia wapi. Shangazi huyo ni mama mtu mzima, mrefu, haongei bila kufikiri. Kwao ng'ombe siyo mchezo. Mengine yote wazee walishayamaliza, ila yeye alisisitiza ng'ombe mmoja wa kweli aingie uwanjani kwetu siku ya send-off, kabla ya kitu kingine chochote, ili ijulikane binti ana mwenyewe.

Sasa anafika, anakuta ng'ombe keshaingia. Ana utepe. Anakula kwa amani.

Shangazi akasimama. Akamwangalia Madam. Akaniangalia mie.

"Huyu ni wa nani?"

Nikasema, "Wa jirani, shangazi."

"Jirani huyo anamtaka nani hapa?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nikaanza kueleza visu, mulching, mateka, na kila nilivyoeleza nikajisikia mwenyewe naongea uongo. Wale wenzake wawili wakarudi kwenye gari wakakaa, mlango wazi, kama watu wanaosubiri kuondoka. Editha akatoka ndani, akaona ng'ombe, utepe, na sura za wakwe zake. Akakaa kwenye ngazi akaanza kulia.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Baba aliniachia kitu kimoja tu cha kusimamia, nami nimekifungia ng'ombe.

Nikamwita Baba Tumaini kwa sauti yangu yote. Akaja mbio mbio, bado anatabasamu. Akaamkiana na wageni, akathibitisha ng'ombe ni wake. Shangazi hakumwamini. Na nani angemwamini? Mtu ana macho ya utani hata akisema jina lake.

"Vilete hivyo visu," shangazi akasema.

Akavileta, vimefungwa kwenye gunia la pumba. Shangazi akavigeuzageuza, akagusa meno yake kwa kidole. Kisha akauliza swali ambalo mie wiki nzima sikuwa nimeliuliza.

"Wewe baba mtu mzima. Visu vya mwenzio vilikukosea nini? Ng'ombe wako amekosa majani Kigamboni nzima?"

Tukasubiri kichekesho. Hakikuja.

"Majani yapo hata barabarani, dada," Baba Tumaini akasema. "Huyu kijana baba yake alikuwa mtani wangu. Kila Jumamosi nilikuwa nakuja na gunia langu, tunatukanana mpaka jua linazama. Alipokufa nikaendelea kuja na gunia. Sasa kaleta visu visivyobakiza kitu. Nitakuja hapa nikisema nimefuata nini?"

Mie nilishindwa hata kumwangalia. Kila Jumamosi nilikuwa naona mzee anazoa nyasi, sikuwahi kujiuliza kwa nini anazoa taratibu hivyo.

Mwenyewe akawageukia wageni. "Tena Wangoni wenyewe hawa, hata kiti hawajui kutoa kwa wageni."

Shangazi akacheka. Wa kwanza kucheka alikuwa yeye, na wale wa kwenye gari wakashuka. Akamfuata Editha pale kwenye ngazi, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, akamwambia, "Usilie mwanangu. Ukoo wenye wendawazimu wa hivi hauna nafasi ya kuficha uongo."

Ila hakuondoka hivihivi. Akataka aione mashine ikifanya kazi, ahakikishe ushahidi. Madam akatolewa, kinyesi chake nikakizoa mwenyewe mbele ya wakwe. Mie na Baba Tumaini tukalala chini ya mashine tunafunga visu, yeye anashika, mie nakaza. Nikaipanda, nikakata uwanja wote, nimeinua bakuli juu kidogo kwa sababu nyasi zilikuwa ndefu. Shangazi akatembea nyuma yangu anatafuta nyasi zilizokatwa zimekwenda wapi. Hakuziona.

Send-off ilifana. Nyasi zilikaa kijani mpaka mpiga picha akawaomba watu wavue viatu. Ng'ombe wa Wakurya akaingia wa kwanza kama inavyotakiwa, na aliyempokea kwa niaba ya ukoo wetu, kwa ombi la Editha, ni Baba Tumaini. Alimpokea bila utani hata mmoja. Nilimtazama akishika ile kamba, midomo inamcheza, nikajua angetaka nani awepo pale.

Sasa mafunzo, maana najua wengine mmeshuka chini moja kwa moja.

Kwa nyasi za Dar na mchanga wa huku, visu vya mulching ndiyo bora. Pima kona kwa kona, nenda na kisu cha zamani, angalia tundu, usikate nyasi zikiwa zimelowa mvua, na usiache zirefuke sana. Hilo nalisema kwa uhakika, nimeliona kwa macho yangu.

Mie mwenyewe natumia visu vya kutupa pembeni.

Nilinunua vipya Gerezani, nikavifunga wiki baada ya harusi. Nilimwambia Baba Tumaini kwamba vile vya mulching vimeharibika, mchanga umevila. Uongo mtupu, viko stoo, vinang'aa. Nyasi zimeanza tena kuwa manjano kwenye ncha, na Jumamosi naizima mashine mapema ili tupate muda wa kutukanana.

Karibuni kwa maoni, hasa nyie wenye mashine na nyie wenye watani. Atakayeniambia narudisha nyasi nyuma, ni kweli. Na kama Baba Tumaini umo humu unasoma kwa jina la uongo: Mhehe wewe, Jumamosi njoo na gunia lisilotoboka.