Mgeni wa Elwak na Neno Host

Siku hiyo tulikuwa watano nyumbani: mimi, mdogo wangu wa kike anayesoma chuo, mdogo wetu wa kiume anayebeba mizigo sokoni, kitinda mimba wetu wa miaka minane, na mgeni kutoka Elwak ambaye hakuna kati yetu aliyemjua.

Alibisha mchana, akataja jina la marehemu baba. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Nikapika wali na nyama ya mbuzi huku nikimchungulia kwenye pazia. Macho yake yalikuwa yakimfuata kitinda mimba.

Yule wa chuo akaja jikoni na simu yake. Watu wa misaada hapa Garissa hutuita sisi wenyeji "host", na neno hilo lilikuwa limemkaa kichwani.

"Abaayo, dada yangu, sikiza. Ni mwenye nyumba anayepokea wageni. Pia ni jeshi kubwa. Pia ni mnyama anayenyonywa na kupe."

"Huyo ni mimi."

"Ngoja! Shina lake la zamani kabisa ni mgeni. Kwa Walatini tawi moja likawa mwenyeji, jingine likawa adui."

Niliacha shule darasa la sita, mama alipofariki, lakini Walatini hao niliwaelewa upesi. Bila shaka nao waliwahi kumpikia mtu wasiyemjua.

Mdogo wetu wa kiume akaingia na sinia tupu. "Hilo la jeshi ni kweli. Anataka tena."

Mgeni alipomaliza chai, nikamuuliza kilichomleta.

"Wakati wa ukame baba yenu alinipa ngamia wa maziwa, wanangu wasife njaa. Nimekuja kulipa. Nipe huyu mdogo, akue na binti zangu. Nitamsomesha."

"Na ngamia yuko wapi, adeer?" Nilimwita ami kwa heshima.

"Alikufa zamani."

"Basi leta mwingine. Huyu hatoki hapa."

"Unanishuku, binti yangu?"

"Nimekulisha, adeer. Kukuamini bado."

Kitinda mimba alikuwa ameng'ang'ania baibui langu. Mgeni akavaa viatu mlangoni, polepole, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Basi deni la baba yako bado liko shingoni mwangu," akasema.

Sikumwita. Kitinda mimba anasoma hapa hapa mjini, narudi naye kila jioni. Ngamia bado hatujamwona.